Redio ya AM Usiku: Stesheni za Mbali Zinapokuja na Kupotea

Wasikilizaji wa masafa ya kati, yaani ile bendi iliyoandikwa AM au MW kwenye kioo cha redio, huleta malalamiko yanayofanana. Mchana bendi iko kimya isipokuwa stesheni moja au mbili za karibu. Jua likishazama inajaa Kihindi, Kiarabu, Kifaransa na lugha nyingine. Kisha stesheni iliyosikika jana kana kwamba iko mtaa wa pili, leo haipo, au ipo lakini inazama katikati ya taarifa ya habari. Wengi huibeba redio moja kwa moja hadi kwa fundi. Nimeshughulika na redio hizi hapa Tanga kwa miaka mingi, na nyingi kati ya zilizoletwa kwangu kwa sababu hii zilikuwa nzima. Tatizo lilikuwa angani au ndani ya nyumba, na kinachoniuma ni kwamba baadhi yake zilikuwa zimeshafunguliwa na kuchokonolewa kabla ya mtu yeyote kuzitoa nje na kuzisikiliza kwa dakika tano.

Kwa hiyo, dalili iwe ipi, anza na mambo matatu. Chomoa waya wa umeme na uweke betri mpya. Toka na redio hadi uwanjani, hatua ishirini au zaidi kutoka kwenye nyumba. Kisha azima redio nyingine na uiweke kwenye stesheni ile ile, saa ile ile. Ikiwa redio mbili tofauti zinaugua ugonjwa mmoja kwa wakati mmoja, usifungue hata skrubu moja.

Kinachotokea jua likizama

Mchana jua huchaji hewa ya juu sana, na tabaka lililo kati ya kilomita 60 na 90 kutoka ardhini hunyonya mawimbi ya masafa ya kati. Yanayobaki ni yale yanayotambaa juu ya ardhi, nayo huchoka baada ya makumi ya kilomita hadi mamia kadhaa, kutegemea nguvu ya mtambo, ingawa juu ya bahari huenda mbali zaidi. Jua likishazama, tabaka hilo hutoweka upesi, na mawimbi hupanda hadi kwenye matabaka ya juu zaidi, lililo karibu kilomita 100 na yale ya kati ya kilomita 200 na 400, ambayo huyarudisha chini kama kioo kirudishavyo mwanga. Hapo ndipo mtambo wa kurushia matangazo ulioko ng'ambo ya bahari unapoweza kufika barazani kwako. Ila kioo hicho hakitulii, na karibu dalili zote zilizo hapa chini zinatokana na kutotulia huko.

Dalili: sauti inapanda na kushuka, au inazama kabisa kisha inarudi

Sababu ya kwanza, na ya kawaida kuliko zote, ni anga lenyewe. Mawimbi ya stesheni ya mbali hayafiki kwa njia moja: mengine hugonga tabaka moja, mengine jingine, mengine hurudi chini, yakagonga bahari, yakapanda tena. Yanapokutana kwenye redio yako yakiwa yanakwenda pamoja, sauti hujaa; yanapopishana, huuana. Stesheni iliyo kwenye kilohezi 1071, yaani namba 1071 kwenye kioo cha redio, ina wimbi lenye urefu wa mita 280 hivi, na kwa hiyo njia moja ikirefuka kwa mita 140 tu kuliko nyenzake, umbali ambao ni mdogo mno ukilinganishwa na safari nzima, kujazana kunageuka kuwa kuuana. Jambo hili ndilo lililomwezesha mwanafizikia Mwingereza Edward Appleton, pamoja na mwenzake Miles Barnett, kuthibitisha mwaka 1924 kwamba kioo hicho cha angani kipo kweli: walitumia mtambo wa BBC wa Bournemouth, wakabadilisha masafa yake polepole usiku, na huko Oxford wakahesabu jinsi mawimbi yalivyopanda na kushuka. Kwa utafiti wake wa tabaka hizo za juu Appleton alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1947.

Utaitambua sababu hii kwa namna inavyokwenda. Kuzama huchukua sekunde kadhaa hadi dakika chache, sauti hurudi yenyewe kwa nguvu zake zote, na stesheni nyingine kwenye bendi hazizami kwa wakati huo huo. Mara nyingi, sauti inapokuwa chini kabisa, maneno hukwaruza na kupasuka kana kwamba spika imechanika. Hiyo ni kwa sababu wimbi linalobeba sauti limezama kuliko sauti yenyewe, na redio haijui tena jinsi ya kuifungua. Spika haina kosa. Hakuna kitakachozuia kuzama kwa namna hii, lakini mkwaruzo unaweza kupunguzwa: sogeza sindano kidogo sana upande mmoja wa stesheni, au, kama redio yako ina swichi ya kuchagua upana wa sauti, chagua upana mdogo. Kuzungusha redio robo mzunguko nako husaidia mara nyingine.

Sababu ya pili ni betri. Hapa stesheni zote hushuka pamoja, hali huwa mbaya zaidi ukiongeza sauti, na redio hupata nafuu ukiizima kwa nusu saa. Ya tatu, ambayo sisi wa pwani tunaijua vyema, ni kutu ya hewa ya chumvi kwenye springi za betri: redio hukatika ghafla badala ya kufifia, na ukiigonga kidogo hurudi. Toa betri, sugua springi na vibati kwa msasa laini hadi ving'ae, futa vumbi, rudisha. Ikiwa sauti inakatika na kukoroma pale tu unapogusa kitufe cha sauti, kitufe hicho kimechakaa au kimeingia uchafu, na hiyo ni kazi ndogo ya fundi.

Dalili: jana ilisikika vizuri, leo haipo kabisa

Kabla ya jambo lolote, uliza ilikuwa saa ngapi. Mtu husikiliza jana saa 3 usiku na leo saa 11 jioni, kisha anasema redio imeharibika. Hapa Tanga jua huzama kati ya saa 12:10 na saa 12:50 jioni mwaka mzima, lakini kwa stesheni ya mbali machweo yako peke yake hayatoshi; njia nzima, kutoka mtambo hadi kwako, lazima iwe gizani.

Chukua mtambo wa redio ya taifa ya India ulioko Rajkot, Gujarat, kwenye kilohezi 1071. Ulijengwa kuwa na nguvu ya kilowati 1000, uko karibu kilomita 4,500 kutoka pwani yetu, na sehemu kubwa ya njia ni bahari tupu, ambayo huyarudisha mawimbi vizuri kuliko nchi kavu. India iko mbele yetu kwa saa mbili na nusu, hivyo jua likizama kwetu, kwao giza limeshaingia zamani. Nikikaa barazani na redio ndogo ya betri, kwanza husikia kama pumzi tu chini ya chenga; baada ya muda mfupi naweza kutambua tabla; anga likiwa jeusi, wimbo umejaa. Lakini alfajiri mambo hugeuka. Jua huchomoza Rajkot kati ya saa 9:30 usiku na saa 11 alfajiri kwa saa zetu, kutegemea mwezi, na stesheni huanza kufa wakati kwetu bado ni giza totoro na jogoo hata hajawika. Anayesikiliza akisubiri adhana hudhani redio imemfia mkononi.

Upande wa magharibi ni kinyume. Kinshasa jua huzama karibu saa 2 usiku kwa saa zetu, kwa hiyo stesheni za huko haziwezi kutarajiwa kwa nguvu kabla ya hapo, ila hubaki nasi hadi kwetu kupambazuke. Zaidi ya hayo, karibu na ikweta ya sumaku ya dunia, ambayo hupita kaskazini yetu, Ethiopia, mawimbi yanayokwenda mashariki au magharibi hupoteza nguvu nyingi kuliko yanayokwenda kaskazini au kusini. Ndiyo maana mitambo miwili yenye nguvu sawa na umbali sawa inaweza kukufikia kwa tofauti kubwa bila kosa la mtu yeyote.

Sababu inayofuata ni jinsi redio ilivyokaa. Ndani ya karibu kila redio ya AM kuna kijiti cheusi cha feraiti kilichozungushiwa waya mwembamba, nacho ndicho antena halisi ya bendi hii. Ile antena ndefu ya chuma unayoivuta juu ni ya FM na masafa mafupi. Kwenye AM kuivuta hakusaidii kitu, ingawa sijawahi kuona mtu asiyeivuta. Kijiti hicho hulala kwa urefu wa redio. Hupokea vizuri ubavu wake unapoelekea stesheni, na hukaribia kuwa kiziwi ncha yake inapoielekea. Mtu akifuta vumbi mezani na kuirudisha redio ikiwa imegeuka, stesheni imepotea. Izungushe polepole, duara nzima, kabla ya kusema haipo.

Kisha kuna mtambo wenyewe: umezimwa kwa matengenezo, umepunguzwa nguvu, au umefungwa moja kwa moja. Mitambo mingi ya AM duniani imefungwa katika miaka ya karibuni kwa sababu hula umeme mwingi, na mara nyingi msikilizaji wa mbali ndiye wa mwisho kujua. Ikiwa stesheni haipo kwa wiki mbili, kwa redio zote, ilhali jirani zake kwenye bendi zipo, iandike kuwa imezimwa.

La mwisho, na la nadra, ni dhoruba za jua. Tufani kubwa ya sumaku iliyoanza tarehe 10 Mei 2024 ilikuwa na nguvu kuliko zote zilizopita kwa takriban miaka ishirini, na dhoruba kama hizo huvuruga matabaka ya juu kwa siku kadhaa. Zinaumiza zaidi njia zinazopita karibu na ncha za dunia kuliko njia zetu, kwa hiyo usikimbilie kulilaumu jua kabla hujaizungusha redio.

Nunua daftari. Andika tarehe, saa, namba ya kilohezi na ulichosikia. Mwezi mmoja wa kuandika utakufundisha mwenendo wa bendi yako kuliko mtu yeyote.

Dalili: mvumo au mkwaruzo mfululizo unaofunika kila kitu

Hapa mtuhumiwa mkuu ni nyumba yako. Balbu za LED za bei nafuu, chaja za simu, televisheni, king'amuzi na adapta za kompyuta zote hukata umeme vipande vipande maelfu ya mara kwa sekunde, na ukataji huo hutoa makelele ambayo huangukia hasa kwenye masafa ya kati. Wenye sola hawajaepuka: kidhibiti chaji na inveta hufanya vivyo hivyo, na taa nyingi za sola nazo zina kisaketi cha namna hiyo ndani.

Kuna jirani yangu, mzee aliyeletewa redio mpya na mwanawe, ambaye kila usiku kuanzia saa 1 hivi alipata mvumo mzito kama wa nyuki, ukakoma yeye alipokwenda kulala. Alikuwa ameshaamini kwamba mawimbi ya usiku yamechafuka siku hizi. Tuliwasha redio kwa betri, nikamwomba azime meni swichi ya nyumba. Mvumo ukaisha papo hapo, na sauti ya Kiarabu ikajitokeza safi. Tukarudisha umeme, tukawasha kifaa kimoja baada ya kingine. Ilipowashwa balbu moja ya ukumbini, nyuki walirudi. Balbu ilibadilishwa kwa ya aina nyingine.

Fanya hivyo hivyo, kwa utaratibu huo huo. Kama mvumo unabaki hata baada ya kuzima meni swichi, tembea na redio nje usikilize unapozidi. Ukizidi ukutani mwa jirani, zungumza naye kwa upole. Ukizidi chini ya nguzo ya umeme, na hasa ukisikia mlio wa kukaanga au ukiona cheche kwenye kikombe cha kaure kinachoshikilia waya, simama hapo hapo. Usiguse nguzo, usipande, usiipige kwa mti. Toa taarifa kwa shirika la umeme, kwa sababu hilo si suala la redio tena, ni hatari kwa mtaa.

Kuna mvumo mwingine unaosikika pale tu sindano inapofika kwenye stesheni na kutoweka ukitoka. Huo hutokana na adapta ya redio yenyewe. Tumia betri, utaisha.

Chenga za ghafla zisizo na mpangilio, pa, pa-pa, ni radi, hata kama mbingu juu yako haina wingu. Bonde la Kongo ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi kuliko zote duniani, na Ziwa Victoria nalo huwa na dhoruba nyingi usiku. Milio yake hubebwa na kioo kile kile kinacholeta stesheni. Wakati wa masika subira ndiyo dawa.

Tena, usisahau paa. Nyumba ya mabati yenye nondo ukutani ni sanduku la chuma. Huzuia mawimbi ya nje na kuyafungia ndani makelele ya balbu. Dirishani ni bora kuliko katikati ya chumba, na barazani ni bora kuliko dirishani.

Dalili: mluzi, au stesheni mbili zinazungumza pamoja

Afrika, Ulaya na Asia hugawana nafasi 120 tu kwenye bendi hii, kutoka kilohezi 531 hadi 1602, zikiachana kwa 9. Mchana nafasi hizo zinatosha kwa kuwa mitambo haifikiani. Usiku mitambo miwili ya nchi tofauti hukutana kwenye nafasi moja. Dawa ni kile kijiti: izungushe redio hadi ncha yake ielekee stesheni usiyoitaka, hata kama ile unayoitaka itapungua kidogo. Mluzi mwembamba hutoka kwa majirani wa nafasi ya pili, na upana mdogo wa sauti huuondoa.

Redio ya kidijitali inahitaji ukaguzi mmoja zaidi. Marekani stesheni huachana kwa kilohezi 10, na redio nyingi zinazoletwa kama zawadi kutoka huko huruka kwa hatua hizo: inasimama kwenye 660 wakati stesheni iko 657, na matokeo ni mkwaruzo na mluzi usioisha. Tafuta kwenye mipangilio, au kwenye swichi iliyo ndani ya sanduku la betri, chaguo la 9 na 10, uweke 9. Ni kosa dogo ambalo limefanya redio nyingi nzuri zitupwe kabatini.

Stesheni moja ikisikika mahali pawili, toa 910 kwenye namba kubwa. Kama 1521 inajitokeza tena karibu na 611, hicho ni kivuli kinachotengenezwa ndani ya redio yenyewe na nguvu ya stesheni, hakihitaji matengenezo.

Dalili: stesheni ya nchini, nzuri mchana, inaharibika usiku

Hili huwakera watu wanaoishi kilomita mia moja hivi au zaidi kidogo kutoka mtambo. Mchana wanapata wimbi linalotambaa ardhini pekee. Usiku wimbi la angani la mtambo huo huo linarudi chini juu yao, na mawili hayo yanapigana. Hakuna ubovu. Jaribu kuiinamisha redio, si kuizungusha tu, na kama stesheni hiyo ina FM eneo lako, usiku hamia huko.

Kuongeza nguvu, na mahali pa kusimama

Njia salama ya kusaidia redio ndogo ni fremu ya mbao yenye upande wa sentimita 60 hivi, iliyozungushiwa waya mara kumi, ncha zake mbili zikifungwa kwenye kapasita ya kuzungusha ya redio mbovu ya zamani, ile kubwa yenye vibati vinavyoingiliana. Haiunganishwi popote. Iweke kando ya redio, zungusha kapasita hadi stesheni iruke juu.

Waya mrefu wa nje, mita 10 hadi 20, nao hufanya kazi ukiuviringisha mara tatu au nne kuzunguka redio bila kuuchomeka. Ukizidisha, stesheni zitaingiliana. Waya huo usipite kamwe juu, chini wala karibu na nyaya za umeme, kwa sababu ukikatika na kuziangukia utaua. Radi ikisikika hata kwa mbali, utoe ndani ya nyumba kabla ya dhoruba kufika, na ikishafika usiuguse kabisa. Kazi ya kupanda juu ya paa au kuweka nguzo mpe anayeijua.

Ikiwa umefanya yote haya na redio ni kiziwi kwenye AM peke yake, huku FM ikipiga vizuri na redio ya jirani ikipata stesheni tele pale pale, basi sasa ni ya fundi. Mara nyingi redio kama hiyo imeanguka: kijiti cha feraiti kimevunjika, au waya wake, mwembamba kama unywele, umekatika kwenye solda, au swichi ya bendi imeingia kutu. Redio inayotumia umeme wa ukutani usiifungue mwenyewe, kwani kapasita zake huweza kushika chaji hata ikiwa imechomolewa, na zile za zamani za taa za kioo hubeba mamia ya volti. Mpelekee fundi pamoja na daftari lako, mweleze kwamba ubovu uko kwenye AM tu, na umwombe aanze kwenye kijiti na waya wake kabla ya kugusa vile vikopo vidogo vyenye vichwa vyeupe, vya njano na vyeusi, kwa sababu hivyo vilirekebishwa kiwandani kwa vipimo, na bisibisi ikishavizungusha kwa kubahatisha, redio haitasikia tena stesheni za mbali hata usiku ulio mzuri kuliko wote.